Anwani Aliyokatazwa Kuiandika

LaVonne Tesch alipata ukarani wa mji wa Norrby kwa sababu alikuwa na meza kubwa jikoni. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na hakuwa mbali na ukweli. Karani aliyemtangulia alipohamia kusini kwa mwanawe kufuata joto, alifika na masanduku yake ya karatasi, akasimama mlangoni na kuuliza, "Utayaweka wapi haya?" LaVonne akaonyesha meza. Hakuna mwingine aliyegombea, na tangu hapo alichaguliwa tena na tena bila mpinzani, maana kazi yenyewe haina wa kuigombania. Ni leseni za mbwa, malalamiko ya theluji isiyozolewa, vikao vya baraza ambavyo watu huvijia kahawa, na uchaguzi.

Uchaguzi ndio uliokuwa fahari yake. Norrby ni mji kwa jina tu: mashamba yaliyotawanyika, kanisa la Kilutheri, baa inayokaanga samaki kila Ijumaa, na shule ya zamani yenye jiko la kuni ambayo sasa ndiyo ukumbi wa mji. Wazee ni wengi na baridi ni kali, kwa hiyo wengi hupiga kura kwa posta. Mpiga kura hutia saini kwenye bahasha, na mtu mwingine hutia saini pembeni kama shahidi, kisha shahidi huyo anatakiwa aandike anwani yake.

Hapo kwenye anwani ndipo watu wa Norrby walipokuwa na mambo yao. Shahidi aliandika jina, akaacha nafasi ya anwani tupu. Au aliandika "hapa hapa." Mwingine aliwahi kuandika "kwenye ghala jekundu, siyo lile kubwa." Haukuwa uvivu wala ujeuri. Bahasha ilikuwa inakwenda kwa LaVonne, na LaVonne aliwajua mpaka ng'ombe wao; kumwandikia unakaa wapi kungekuwa kama kumtajia mama yako jina lako. Basi LaVonne alichukua kalamu yake nyekundu, akajaza namba ya nyumba na barabara, akatia herufi za kwanza za jina lake pembeni ili ijulikane nani kaandika. Karani aliyemtangulia alifanya hivyo, na aliyemtangulia huyo pia. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kisha waheshimiwa wa bunge la jimbo wakaamka. Sehemu fulani, mbali na Norrby, kuna mtu alishindwa uchaguzi, na badala ya kukubali akasema makarani ni wezi. Neno hilo likawanogea watu. Waheshimiwa ambao hawajawahi kufungua bahasha ya kura maishani mwao wakakaa kwenye viti vya ngozi na kutunga sheria, na sheria hazikuja moja, zilikuja mfululizo. Kila wiki LaVonne alipokea kwenye kompyuta ujumbe wenye kichwa "Taarifa Mpya kwa Makarani," na taarifa ya wiki hii ilikuwa ikifuta nusu ya taarifa ya wiki iliyopita.

Alizisoma kwa sauti wakati wa chakula cha jioni, mumewe Duane akisikiliza huku akipaka siagi kwenye mkate.

"Karani akiongeza herufi yoyote kwenye bahasha ya mpiga kura," alisoma siku moja, "atakuwa ametenda kosa la jinai na anaweza kufungwa jela."

"Herufi yoyote?" Duane aliuliza.

"Yoyote."

"Wakikufunga, mimi nitakula nini?"

"Kuna nyama kwenye friza."

"Basi waambie wakufunge baada ya msimu wa kuwinda, friza ikiwa imejaa."

Walicheka. Taarifa nyingine ilisema bahasha ikishapokelewa hairudishwi, wala mpiga kura hapewi nyingine wala hapigi kura upya. Nyingine ikasema kasoro ya shahidi itarekebishwa na shahidi mwenyewe tu, kwa mkono wake, bila kusaidiwa, ukumbini, mbele ya karani na mwangalizi, siku ya uchaguzi kabla ya saa sita mchana. Hizo nazo walizicheka. LaVonne aliweka kalamu nyekundu kwenye droo ya vijiko, akabandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi kuwahimiza watu wajaze kila kitu. Wasiokwenda ukumbini hawakulisoma, na waliokwenda waliona ni vituko vya serikali.

Mwaka huo uchaguzi wa majira ya machipuko ulikuwa na jambo zito. Wilaya iliwauliza watu kama wako tayari kuongezewa kodi ili nyumba ya kutunzia wazee iendelee, au ifungwe. Kule ndiko alikokuwa Ardis Kjelstad, mke wa Orville, ambaye alikuwa amesahau karibu kila kitu isipokuwa sauti ya mumewe. Orville alikuwa na miaka tisini na moja, ameshanyang'anywa leseni ya udereva, na watu wa kanisani walimpeleka kwa zamu kumwona. Ikifungwa, wazee wangepelekwa popote penye kitanda, hata upande wa pili wa jimbo, na Orville alijua hakuna zamu ya kanisa itakayomfikisha huko. Alikuwa amepiga kura maisha yake yote kwa ajili ya marais na maseneta. Hii ilikuwa ya kwanza kwa ajili ya Ardis.

Asubuhi moja ya theluji, Duane alichukua pikapu yenye bapa la kusukumia theluji akaenda kumsafishia Orville ua. Aliingia ndani akapewa kahawa, Orville akaweka alama kwenye karatasi yake ya kura, akaifunga ndani ya bahasha, akatia saini. Duane akatia ya kwake.

"Leo nimekuwa shahidi," alijisifu aliporudi, akivua buti mlangoni.

"Hongera, mheshimiwa," LaVonne alisema, akaendelea kukoroga supu. Yeye aliyesoma kila taarifa, aliyebandika tangazo kwa mikono yake, hakumuuliza kitu. Neno moja tu, na Duane angevaa buti zake tena, akarudi kule kabla gari la posta halijapita. Jambo hilo lilikuja kumkaa rohoni kuliko yote.

Sanduku la posta la Orville linaonekana kutoka dirisha la ukumbi wa mji. Zamani Duane angeichukua bahasha ile mfukoni na kuiweka mezani kwa mkewe. Sasa sheria ilikataza mtu kubeba kura ya mwenzake, kwa hiyo bahasha ikasafiri mpaka mji mkubwa kuchambuliwa na mashine, ikarudi Norrby baada ya wiki nzima. Katika wiki hiyo Duane alianguka karibu na pikapu yake. Kiharusi. LaVonne alilala kwenye kiti cha hospitali, majirani wakamletea mabakuli ya tambi za kuoka, na karani msaidizi akapokea bahasha zilizofika na kuzifungia kwenye kabati la chuma la ukumbini bila kuzikagua.

LaVonne alizikagua yeye siku ya kwanza aliporudi kazini. Alipofika kwenye ya Orville, aliona mwandiko wa mumewe, ule wa kabla ya kiharusi, umelala upande kama kawaida yake: Duane R. Tesch. Nafasi ya anwani ilikuwa tupu. Nyumba ambayo haikuandikwa pale ilikuwa ya LaVonne mwenyewe. Alikuwa ameamka humo asubuhi hiyo, ameacha sufuria kwenye sinki. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kalamu iliyokuwa mezani kabla hajaurudisha mapajani.

Alipiga simu ofisi ya jimbo. Aliyepokea alikuwa msichana mwenye adabu nyingi.

"Mama, mimi siruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Naweza kukusomea kifungu."

"Nimeshakisoma, mwanangu."

"Basi naweza kukusomea tena."

"Shahidi wangu mkono wa kulia haufanyi kazi. Ataandika kwa wa kushoto. Naruhusiwa kumshikia karatasi isiteleze?"

"Kifungu kinasema bila kusaidiwa."

"Naweza kumwonyesha anwani imeandikwa mahali, ainakili?"

"Kinasema bila kusaidiwa, mama."

"Na kalamu ikimdondoka, naweza kumwokotea?"

LaVonne alisikia karatasi zikifunuliwa.

"Hilo halimo."

"Kwa hiyo naweza?"

"Mama, nimekwambia halimo."

Alimshukuru, maana msichana wa watu hakuwa na kosa, akakata simu na kukaa akiitazama meza. Aliona ni mkono tu. Kama tatizo ni mkono, mkono hufundishwa. Duane aliporuhusiwa kurudi nyumbani walianza mazoezi baada ya chai ya asubuhi. LaVonne alibandika karatasi mezani kwa gundi, akampa kalamu ya mkono wa kushoto, akamwambia aandike chochote apendacho. Mwanzoni ilikuwa mikwaruzo ya kuku. Baadaye zikawa herufi. Maneno yaliyobaki kinywani mwa Duane yalikuwa machache, lakini kwenye karatasi aliandika jina lake, akaandika "siagi," akaandika jina la mbwa wao, na siku hiyo LaVonne alimbusu kipara.

Anwani hakumwandikisha. Aliiogopa. Aliona akimwandikisha atakuwa amesaidia, na alikuwa amekula kiapo. Kwa hiyo mambo yote waliyafanyia mazoezi isipokuwa lile moja lililohitajika.

Siku ya uchaguzi ilikuwa na ukungu na theluji inayoyeyuka. Karani msaidizi alisimamia foleni, na LaVonne akamleta Duane kwa pikapu, akamshusha polepole, akamketisha karibu na jiko la kuni. Mwangalizi alikuwa Curtis Bohn, aliyetumwa na chama chake, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwenzake Duane kwenye karata. Sheria mpya ilimruhusu asimame karibu kabisa na karani, amchungulie kila akifanyacho. Curtis alisimama mbali akijifanya anaota moto.

"Bwana mkubwa," alimwambia Duane. "Umekuja kazini au umekimbia kuosha vyombo?"

Duane alitabasamu kwa upande mmoja wa uso. "Vyombo," alisema.

"Nilijua tu."

LaVonne alitoa bahasha kwenye kabati la chuma, akaiweka mbele ya mumewe. Akamsomea maneno aliyotakiwa kumsomea, yale ya kisheria, kwa sauti ya ofisini ambayo Duane hakuizoea, mpaka akamtazama usoni kama anayeuliza kafanya nini. Kisha LaVonne akarudi nyuma, akafumbata mikono kifuani, akaibana kwapani.

Duane aliinama. Kalamu ikagusa karatasi, ikatetemeka, ikatulia. Akaandika tarakimu ya kwanza. LaVonne alikuwa akitazama kalamu tu, kama unavyomtazama mtoto anayevuka barafu, na kila herufi iliyotoka ilimpa pumzi. Haikudondoka hata mara moja. Herufi zilikuwa kubwa, zimesimama wima, safi kuliko zote alizowahi kuandika jikoni. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni waliacha kuzungumza. Duane alipomaliza, aliweka kalamu chini mwenyewe, akainua uso, na uso ule ulikuwa na furaha ambayo LaVonne hakuwa ameiona tangu kiharusi.

Hapo ndipo alipoyasoma maneno yenyewe. Ilikuwa anwani kamili, namba, barabara, mji, jimbo. Barabara ya Tesch.

Wao walikaa Barabara ya Tamarack, upande wa pili wa daraja, kwa muda wote wa ndoa yao. Barabara ya Tesch ndiko lilikokuwa shamba la baba yake Duane, lile ambalo benki ililichukua, ng'ombe wakapigwa mnada uani mbele ya watoto. Barabara ilibaki na jina la ukoo. Nyumba ilishabomolewa, na pale palipokuwa jikoni kampuni ililima mahindi.

Wiki zote hizo alikuwa akipigana na mkono.

"Duane," alisema, kwa kuwa kuuliza hivyo hakukukatazwa. "Umemaliza?"

Duane alitikisa kichwa kukubali.

"Hebu isome tena."

Curtis alikohoa kidogo kule karibu na jiko la kuni. Duane alipitisha kidole chini ya maneno, moja moja, mpaka mwisho. Akakubali tena.

"Nyumbani," alisema.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita. Curtis alisogea, akaiangalia bahasha, na LaVonne akaona kwamba ameelewa. Curtis alikunja midomo, akachukua fomu yake ya mwangalizi na kuisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi hapa nimeulizwa kama anwani ipo au haipo," alisema kwa sauti ya chini. "Naona ipo."

"Unajua nyumba hiyo haipo, Curtis."

"Najua. Mbao zake nilibeba mimi."

"Na mimi hapa chini naandika kwamba nathibitisha ndiko shahidi anakokaa. Naapa."

"Sitasema kitu, LaVonne. Ni kura ya mzee Orville."

Ni kura ya mzee Orville. LaVonne alishika kalamu. Hakuwahi kuiba hata kibiriti cha kanisa, na sasa saini moja ingemfanya awe yule mwizi ambaye waheshimiwa walimtangaza kabla hajaiba. Na asipotia saini, angekuwa amempokonya Orville sauti yake kwa sababu mumewe karudi utotoni mbele ya watu. Pande zote mbili zilikuwa za aibu, na hakuna aliyemuuliza angependa ipi. Angetaka mtu ampigie kelele, amtukane, apate wa kumjibu. Palikuwa na Curtis tu, macho yamejaa maji, na Duane akisubiri kusifiwa.

"Umeandika vizuri," alimwambia mumewe. "Umeandika vizuri sana."

Kisha akachukua muhuri wa mji, akaugonga kwenye bahasha. IMEKATALIWA. Muhuri haukuwa herufi za kuongeza, huo aliruhusiwa.

Sheria ilimtaka pia ampe mpiga kura taarifa kwa maandishi, siku hiyo hiyo. Akaketi, akajaza fomu ya sababu, akaitia kwenye bahasha nyeupe, na juu yake akaandika anwani ya Orville bila kuangalia popote, namba, barabara, kila kitu mahali pake. Hiyo nayo aliruhusiwa. Alipokwisha kuiandika aliitazama, akapata hamu ya kuichana vipande vipande.

Jioni kura zilipohesabiwa, nyumba ya wazee ilishindwa, na ilishindwa kwa kura nyingi, siyo moja. Watu wema walimwambia LaVonne hivyo ili kumpoza moyo, ingawa wiki hiyo hiyo daktari alikuwa ameanza kumdokezea kwamba Duane naye atahitaji mahali kama pale. Lakini mchana ule hayo hayakuwa yamejulikana bado, na LaVonne hakutaka ile barua izunguke wiki nzima kwenye mashine za mjini. Aliipeleka mwenyewe. Duane alibaki kwenye pikapu, blanketi mapajani, kioo kimefunguliwa kidogo apate hewa.

Orville alifungua mlango amevaa tai. Alikuwa amepiga kura wiki nyingi zilizopita kwa posta, lakini siku ya uchaguzi ni siku ya tai.

"Ingia, binti. Kahawa ipo. Umeniletea ile stika ya "Nimepiga Kura"? Kila mwaka Ardis huibandua kifuani kwangu, anajibandika yeye."

LaVonne alikuwa nayo mfukoni. Hakuitoa. Alimpa barua, akabaki amesimama.

Orville alitafuta miwani, akasoma, akarudi mwanzo akasoma tena, midomo ikitembea. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alionekana kama mtu aliyeelekezwa njia na bado haioni.

"Sijaelewa," alisema. "Mimi niliweka saini?"

"Uliweka. Wewe hukukosea popote."

"Hapa wanasema anwani ya shahidi. Shahidi si alikuwa Duane?"

"Alikuwa Duane."

"Na Ardis je, nimwambie nini?"

Orville aliikunja barua kwa uangalifu, akaiweka chini ya bakuli la sukari, halafu wazo likamjia, na akamtazama kwa matumaini, kwa kuwa alimjua tangu akiwa mtoto na hakuwahi kumwona akishindwa na jambo dogo kama hilo.

"Lakini wewe ni mkewe," alisema. "Si unajua anakaa wapi?"

LaVonne aligeuka kutazama dirishani. Kule nje Duane alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, amegeukia upande wa Barabara ya Tesch, ametulia kabisa.

"Mpaka leo asubuhi nilikuwa najua," alisema.